Tamasha liko Ngome Kongwe, watazamaji wamehamia Fuoni

Kila mwaka ZIFF, tamasha letu la filamu la Zanzibar, ikikaribia huwa nawauliza majirani zangu huku Fuoni, pembeni ya mji, kama wataenda, na kila mwaka jawabu ni hilo hilo, "nitarudi na nini?" Si kwamba hawapendi filamu, na wala si kwamba hawajui kama lipo tamasha, wanajua, redioni linatajwa na mabango wanayaona wakishuka Darajani. Tatizo ni kwamba filamu yenyewe ile kubwa inaanza baada ya isha, inamaliza saa nne saa tano za usiku, na wewe wakati huo gari za Fuoni zishapungua zishakwisha, sasa hapo ni bodaboda, na bodaboda ya usiku kwa mama mwenye watoto wawili, mmoja kalala begani, huo si usafiri huo ni mtihani.

Watu wakizungumza ZIFF kwa kawaida wana mambo mawili, ama sifa (tamasha kubwa, tuzo yake ya Jahazi la Dhahabu, wageni kutoka pande zote za dunia) ama malalamiko (wafadhili, tarehe zinahama hama, mbona kizungu kingi). Mie nina la tatu na naona halisemwi sana: mji umehama, tamasha halijahama nao. Basi.

Kwa waliozaliwa juzi, ZIFF ilianzishwa 1997 na tamasha la kwanza likafanyika 1998. Jina lake la pili ni Tamasha la Nchi za Majahazi na mie hilo ndo nalipenda zaidi, kwa sababu lina ramani ndani yake, yaani kote kule jahazi lilikokuwa likienda na kurudi kwa kaskazi na kusi, pwani yetu hii, Arabuni, Uajemi, Bara Hindi, Komoro na visiwa vyote vya bahari hii. Waliolianzisha walikuwa mchanganyiko, wenyeji na wageni waliofanya Unguja kwao, mmoja wao Emerson Skeens yule Mmarekani wa mahoteli aliyefariki 2014, Mungu amlaze pema. Wazo lilikuwa zuri na la kijasiri pia, maana wakati ule majumba ya sinema yetu yalikuwa yanakufa moja moja na wao wanakuja kusema tufanye tamasha la sinema.

Pahala walipopachagua ni Ngome Kongwe, na kama hujawahi kukaa mle ndani usiku wa mwezi wa saba na upepo wa kusi unapita juu ya kuta, hujui unachokosa. Kipupwe, watu wamejifunga shuka na makoti, ngazi za mawe za nusu duara zimejaa, popo wanapita mbele ya skrini. Jengo lenyewe limeshakuwa kila kitu, Waomani walilijenga baada ya kuwatoa Wareno mwishoni mwa miaka ya 1600, pale pale palipokuwa na kanisa la Wareno, likawa jela, enzi za Muingereza likawa karakana ya ile reli ya Bububu, 1949 likageuzwa klabu ya wanawake, na miaka ya 1990 ndo zikajengwa zile ngazi za kukalia. Kwa hiyo mie sina ugomvi na Ngome Kongwe. Ingekuwa uamuzi wangu, usiku wa kufungua na usiku wa zawadi ungebaki pale mpaka kiama.

Ila tazama mji ulivyokuwa 1998 na ulivyo leo. Mji Mkongwe wakati ule ulikuwa na watu. Nasema watu wa kuishi, wenye watoto wa kwenda skuli na kuku wanaopanda ngazi. Nyumba nyingi zilikuwa mbovu, zinavuja, ukuta unamung'unyuka, lakini kila chumba kina familia, na jioni familia zote ziko nje, barazani, na kutoka barazani hadi Ngome Kongwe ni dakika kumi kwa mguu kama hukukutana na mtu wa kumuamkia. Sisi tulikuwa Malindi. Filamu ikianza tulikuwa tunaisikia mlio kabla hatujafika, na ikimaliza tunarudi kundi zima kwa mguu, wazee mbele watoto nyuma, tunabishana nani alikuwa na haki mume au mke. Haikuwa "kwenda kwenye tamasha", ilikuwa kwenda Forodhani, bustani ile ya baharini mbele ya Ngome, na huko kuna filamu.

Afu 2000 UNESCO ikautia Mji Mkongwe kwenye orodha ya urithi wa dunia, na mambo yakaanza kwenda taratibu taratibu kisha kwa kasi. Forodhani ikatengenezwa upya ikafunguliwa tena 2009, ikapendeza, hilo lazima tuseme. Nyumba zikaanza kununuliwa, huyu kauza, yule kapangisha kwa miaka thelathini na tatu, jirani anahama Magomeni, mwengine Mpendae, mwengine Tomondo. Mwenye nyumba yetu nae akauza. Chumba alichokuwa akisalia bibi sasa kina namba mlangoni na kitanda cha Kizanzibari chenye chandarua cha harusi, nakijua kwa sababu binamu yangu anafanya kazi mle mle, anakitandika yeye. Na sijamlaumu mtu hapo, nusu ya ndugu zangu wanakula kwa watalii, mwaka 2024 tu walikuja zaidi ya laki 7, hao wakikatika mwezi mmoja huku Fuoni utasikia maduka yanavyolia.

Lakini hesabu ni hesabu. Sensa ya 2012 Zanzibar nzima tulikuwa milioni 1.3, ya 2022 tumekaribia milioni 1.9, na katika hao Mjini Magharibi peke yake ina karibu laki 9. Hao laki 9 hawamo Shangani wala Kiponda, hawaenei. Wako Mwanakwerekwe, Fuoni, Tomondo, Kinuni, Mtoni, Bububu, wako kwenye nyumba za tofali ambazo hazijapigwa plasta zenye nondo zinazochungulia juu zikisubiri ghorofa ya pili in shaa Allah. Huko ndo mji. Mji Mkongwe ndo pale tunapoenda kufanya kazi, au kula urojo, au kupiga picha za harusi. Hata kuta zenyewe zimechoka, Beit el Ajaib, lile Jumba la Maajabu jirani kabisa na Ngome Kongwe iliporomoka upande mmoja tarehe 25 Disemba 2020 na watu wawili wakafa, mafundi waliokuwa kazini. Nakumbuka watu wa Fuoni siku ile walipanda magari kwenda kutazama, kama mtu anavyokwenda kumuona jamaa hospitali.

Sasa nataka nikae kidogo kwenye jambo moja ambalo waandishi wa habari za tamasha hawaligusi, nalo ni kwamba watu wa kisiwa hichi hawakufundishwa kutazama filamu na ZIFF. Walikuwa wanatazama tangu babu na bibi. Vuga pale lile jengo la Majestic, kabla yake palikuwa na Royal iliyofunguliwa 1921, ikaja ikaungua miaka ya 1950 ndo likajengwa hili la sasa. Yuko mwanahistoria Mmarekani, Laura Fair, aliyetumia miaka na miaka kuwahoji wazee wa Unguja, Dar, Tanga na kwengine kuhusu kwenda sinema na kitabu chake kikatoka 2018, na ukikisoma unaona wazi kwamba jumapili ya mjini ilikuwa sinema. Mtu ananyoosha nguo, anaoga, anatia manukato. Filamu za Kihindi, Raj Kapoor na wenzake, mtu hajui Kihindi hata neno lakini nyimbo anaziimba zote mpaka leo.

Na kulikuwa na maonesho ya wanawake peke yao, zanana wakiyaita. Bibi yangu alikuwa haruhusiwi kwenda hata dukani, ila zanana alikuwa anakwenda, na buibui lake, na mashoga zake, na visheti ndani ya mkoba. Alikuwa akitusimulia filamu moja kwa wiki nzima kila usiku kipande, na tulipokuja kuiona wenyewe kwenye kanda ya video tukakuta yeye kaongeza mambo na yake ndo mazuri zaidi. Hebu fikiria, miaka ya 1950 walioendesha majumba ya sinema walishakaa wakafikiri, huyu mwanamke wa Kizanzibari nitampataje aje, saa ngapi, akae na nani. Na hawakuwa na mfadhili, walikuwa wanataka senti zake tu, lakini suala waliliuliza.

Afu ikaja televisheni. Sisi tulipata ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, wenzetu Bara wakasubiri mpaka miaka ya 1990 (hili tunawaambiaga kila tukipata nafasi, tusameheni), na kwa kuwa si kila mtu angeweza kununua serikali ikaweka televisheni za watu wote mitaani na vijijini, mnakusanyika, mnakaa chini, mnatazama pamoja. Na Jaws Corner pale ndani ya Mji Mkongwe, wanapokunywa kahawa na kubishana siasa, jina lile wanasema lilitokana na ile filamu ya Jaws, ya samaki papa. Baraza imepewa jina la filamu! Na siku hizi vibanda umiza, kuanzia mpira mpaka muvi za kutafsiriwa, zile anazozungumza mtu mmoja sauti zote, mwanamme, mwanamke, mtoto, jambazi na polisi, afu katikati anatia utani wake kuhusu bei ya unga. Wasomi wanazicheka. Mie nilikaa nikazisikiliza nikaona jamaa anafanya kazi ngumu kuliko mtengeneza filamu mwenyewe, maana anahamisha hadithi kutoka Hong Kong mpaka Kwahani na abiria wote wanafika salama.

Kwa hiyo hapa kwetu filamu inatazamwa kwa mdomo. Mtu anamwambia muigizaji asifungue mlango. Mtu anasema "nilijua, nilijua mie!" Kaa Ngome Kongwe usiku wa filamu ya kisanii iliyotoka nchi za mbali, maandishi ya chini ya Kiingereza, watu kimya, mgeni mmoja anakohoa, utajua hapa wenyeji ni wachache. Kaa usiku wa Bongo Movie utajua hapa wamejaa. Hili nimeliona kwa macho yangu. Enzi za Kanumba, yule nyota wa Bongo Movie, kabla hajafariki Aprili 2012, na hata baada yake, zile siku waigizaji wa Bongo wakija Unguja vijana walikuwa wanatoka mitaa yote, makelele mpaka baharini, na pembeni utamuona mtu na kitambulisho chake shingoni kakunja uso, ati hizi si filamu, kamera inatikisika, hadithi ni ile ile ya mchawi na tajiri. Kweli kamera inatikisika. Na kweli hadithi ni ile ile. Lakini tamasha ambalo linasema ni la jamii likikunja uso siku ambayo jamii imekuja, hapo kuna kitu cha kukaa chini na kuulizana, na sifa ya ZIFF ni kwamba walizifungulia mlango hizo filamu na kuzipa tuzo zao wakati matamasha mengine hayakutaka hata kuzisikia.

Kuna jambo jengine wamefanya vizuri sana na sisikii likisifiwa vya kutosha. Kwa miaka mingi ZIFF imekuwa ikipeleka filamu shamba, Unguja na Pemba, gari linakwenda na skrini na spika na jenereta, kijiji kizima kinatoka. Aliyewahi kushuhudia hiyo hawezi kusahau. Inaanza kwa watoto, wanakaa mbele kabisa karibu wameze skrini, afu wanawake na mikeka upande wao, wanaume wanasimama nyuma wamekunja mikono wanajifanya wanapita tu, na baada ya nusu saa wanaume nao wamekaa. Wazee wanakumbuka magari ya sinema ya Muingereza yaliyokuwa yakija kuwaonesha namna ya kunawa mikono na kulima. Safari hii hadithi zinahusu watu, kuna cha kubishania.

Lakini sasa angalia. Tamasha linajua mjini, yaani Ngome Kongwe. Tamasha linajua shamba, yaani vijiji. Fuoni ni wapi? Si mjini kwa maana ya watalii, hatuna milango ya nakshi, na si shamba kwa maana ya wafadhili, hatuna minazi ya kupiga nayo picha, tuna fremu za maduka na matope ya masika. Sisi ndo wengi na sisi ndo tumo katikati, gari la sinema linatupita njiani likielekea Makunduchi. Wallahi mara nyengine nafikiri tungekuwa maskini zaidi kidogo au wa kale zaidi kidogo tungeoneshwa filamu.

Basi sisi wenyewe tukajaribu, mtaani kwetu, bila jina bila bango. Mtoto wa ami yangu anapiga picha za harusi, ana projekta, spika tukaazima kwa jamaa wa taarabu za madukani, skrini ikawa shuka mbili nyeupe shangazi kazishona pamoja akalalamika muda wote alipokuwa akishona. Ukuta ulikuwa wa jirani yule anaejenga, upande wa nyuma hauna dirisha, ukuta bora kabisa wa sinema Zanzibar nzima na mwenyewe hakujua. Tukaenda kwa sheha, mkubwa wa mtaa, kwanza, ndo utaratibu, sheha akauliza filamu gani, ina nini, imepita Baraza la Sanaa na Sensa, wale wanaokagua filamu, au haikupita, mtamaliza saa ngapi, nani atahakikisha wavulana na wasichana hawakai gizani pamoja. Tukamjibu moja moja. Tulichagua filamu fupi za vijana wa hapa hapa ambao wenyewe walitupa ruhusa na karatasi zao wanazo, nyengine zimepigwa kwa simu, na tukakubaliana tunaanza baada ya isha tunamaliza saa tatu na nusu.

Umeme ukakatika, lazima, kwani ungekosa kukatika? Kisiwa hichi kilishakaa mwezi mzima gizani 2008 na miezi mitatu kuanzia Disemba 2009, watu wana uzoefu, hakuna aliyeondoka. Wakati tunahangaika na jenereta mzee mmoja akaanza kuhadithia filamu aliyoiona Majestic ujanani mwake, filamu nzima, na nyimbo, na watu wakamsikiliza kiasi kwamba umeme uliporudi kuna waliosema subirini mzee amalize.

Filamu iliyowasha moto ilikuwa ya dakika kumi na kitu, inahusu binti anaetaka kuuza shamba aliloachiwa na babaake na kaka zake hawataki. Hakuna mapigano, hakuna mchawi, kamera hata haitikisiki. Ilipomaliza hakuna aliepiga makofi, walianza kugombana. Mirathi! Nani kamwambia binti hana haki, fungu lake lipo kwenye Kur'ani, sawa fungu lipo lakini kuuza kwa mgeni ni kitu chengine, mgeni gani na kaka yake mwenyewe kauza Jambiani, wee nyamaza mambo ya Jambiani huyajui. Mtengenezaji wa ile filamu alikuwepo, kijana mdogo, kakaa kwenye ndoo, kashika kichwa. Baadae kanambia aliwahi kuionesha mbele ya watu wa filamu wakamuuliza kuhusu lensi. Huku kaulizwa shamba lina eka ngapi na mipaka yake iko wapi, na kuna bibi mmoja alikataa katakata kuamini kuwa ile ni hadithi ya kutunga, anamjua yule binti, ni wa Bwejuu.

Ile ndo ninayoiita tamasha. Zulia jekundu sina neno nalo, watengeneza filamu wanahitaji siku ya kuvaa na kupigwa picha kama maharusi, wanahitaji pia wanunuzi na wageni wakubwa, na bila Ngome Kongwe na jina la ZIFF nani angekuja kutafuta filamu Unguja? Filamu ya Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotoka kwenye riwaya ya Adam Shafi, ilipigwa hapa hapa kwenye vichochoro vyetu na 2021 ikaoneshwa kwenye tamasha la filamu la Toronto. Vitu kama hivyo haviji kutoka hewani, vinahitaji pahala ambapo kwa miaka ishirini na zaidi watu wamekuwa wakikutana na kusema na sisi tunaweza. Kwa hiyo tafadhali mtu asije akanambia naipiga vita ZIFF. Naipenda kama mtu anavyompenda kaka yake mkubwa alieoa akahamia mbali.

Najua pia suala la pesa. Tamasha la Afrika linaishi kwa barua za maombi, mfadhili mmoja akibadilisha sera huko kwao, huku hakuna skrini. Sauti za Busara, tamasha letu la muziki, pamoja na ukubwa wake na umaarufu wake, 2016 halikufanyika kwa sababu pesa haikutimia. ZIFF nayo zamani ilikuwa siku tisa, kumi, siku hizi inakuja ikaisha kabla hujamaliza kupanga siku ya kwenda. Na tarehe ni mtihani mwengine, miaka ile ya 2013 mpaka 2016 Ramadhani ilipokuwa inaangukia Juni na Julai ikabidi wahame mbele, wahame nyuma, 2015 wakaanza Ramadhani ilipokwisha, na mimi nawasifu kwa hilo maana kuna watu wangesema wageni hawafungi, endelea tu. Kwa hiyo nikisema waje Fuoni najua kuna mtu ofisini atashika kalamu aanze kupiga hesabu na mwisho aseme bajeti hairuhusu.

Ila ninachokisema mie hakina bajeti kubwa. Gari mbili za kukodi usiku, moja njia ya Fuoni moja njia ya Bububu, zinasubiri pale karibu na Forodhani mpaka filamu imalize, na itangazwe redioni kwamba gari zipo, kwa sababu gari isiyotangazwa ni kama haipo. Maskuli yetu yana kumbi na viwanja vinalala tupu jioni. Kuta ambazo hazijatiwa madirisha, hizo ndo usiseme, mji mzima huu unajengwa. Wakalimani wapo, vijana wa vibanda umiza, wape filamu wiki moja kabla waitazame, uwape maiki, utaona filamu ya Kiajemi inavyochekesha Mwanakwerekwe. Kutakuwa na mtengeneza filamu atakaekasirika kwamba kazi yake imeharibiwa, na yeye ana haki yake, aulizwe kwanza, akikataa basi. Lakini wapo watakaokubali, na wakishaona watu mia nne wanaigombania hadithi yao hawatotaka tena kurudi kwenye ukumbi wa watu ishirini na tano.

Na zanana irudi. Hili nalisema kwa makusudi na najua kuna watakaoniona nimerudi nyuma, ati mwaka huu tunatenganisha wanawake na wanaume? Sitenganishi mtu, wanaotaka Ngome Kongwe usiku wote pamoja ipo. Nasema iongezwe saa ya wanawake, baada ya alasiri, ukumbi wa skuli, watoto waruhusiwe, mikeka chini. Kuna watu wanapigania Majestic ifufuliwe na mie naomba dua wafanikiwe, na ikifunguliwa kitu cha kwanza kiwe hicho, kabla ya wageni rasmi na kukata utepe. Mpaka hapo skuli inatosha.

Nimemuuliza shangazi, yule yule wa mashuka, kama ikiwepo saa hiyo atakwenda. Kanambia atakwenda na atawachukua wenziwe wa kikoba chote, ila kwanza wamjibu mambo mawili, choo ni kisafi au ndo vile vya skuli, na hiyo filamu ina matusi au haina, na kama yamo basi yawe ya maana. Nimewaandikia wahusika, na hayo yake mawili nimeyatia kama alivyoyasema.